Galaksi hafifu katika darubini ya milimita 200: jibu kwa mwalimu wa Moroto

Mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Moroto, mkoa wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ameniletea swali ambalo nimekwisha kuulizwa kwa namna nyingi, ila mara chache limeulizwa kwa uangalifu kama huu. Anaandika hivi:

"Salamu nyingi, mzee wangu. Shule yetu ina darubini ya Dobson yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200, pamoja na lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Katikati ya Februari, wakati hakuna mbalamwezi, niliwatoa wanafunzi nje ya mji, mahali pasipo na taa. Nebula ya Jabari tuliiona vizuri sana. Saa mbili na nusu usiku tuliitafuta galaksi M33, hatukuona kitu. Saa sita usiku tukaitafuta M51, ile ambayo pichani imejizungusha kama konokono, tukaona kitu mfano wa alama ya kidole kwenye kioo, na baadhi ya wanafunzi hata hicho hawakukiona. Je, vioo vimeharibika? Tununue kichujio, au tuanze kuchangisha fedha za darubini kubwa zaidi?"

Mwalimu, darubini yako ni nzima. Kioo kibovu kisingewapa Nebula ya Jabari mkaisifu, na ile alama ya kidole mliyoiona ndiyo M51 yenyewe. Hamkuikosa, mliipata katika saa yake mbaya kabisa, kwa macho ambayo bado hayajafundishwa kazi hii. Haya mawili, saa na jicho, ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu, kwa sababu hayagharimu hata shilingi moja na yatakupa zaidi ya kile ambacho fedha za mchango zingekupa.

Tuanze na saa. Katikati ya Februari, saa sita usiku, M51 ilikuwa nyuzi 17 hivi juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini mashariki. Nuru inayotoka chini kiasi hicho hupita katika hewa nene zaidi ya mara tatu ya ile iliyo juu ya utosi wako, na katika Februari ya Karamoja hewa hiyo ya chini hujaa vumbi pamoja na moshi wa nyasi zinazochomwa. Tena Mlima Moroto, wenye mita 3,083, umesimama mashariki mwa mji, kwa hiyo ikiwa mlikuwa karibu na miguu yake, huenda sehemu ya anga hiyo ilikuwa imezibwa na mteremko. Lau mngelala kidogo na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, mngeikuta M51 imekwisha kupanda hadi nyuzi 45, mahali pa juu kabisa inapoweza kufika kwenu, moshi umetulia na vijiji vimelala. Mlikosea kwa saa nne na nusu, basi.

Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kuna jambo la Uganda ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya au Australia haviwezi kukuambia. Saa hiyo hiyo ya alfajiri, M51 ikiwa nyuzi 45 upande wa kaskazini, galaksi nyingine iitwayo Centaurus A, au NGC 5128 kwa nambari yake ya orodha, huwa nyuzi 44 na nusu upande wa kusini. Zote mbili hufika juu kabisa ndani ya dakika tano tu, moja mbele ya uso wako na nyingine mgongoni, karibu kimo kile kile. Mtu wa London haoni Centaurus A maisha yake yote akiwa kwao, kwa sababu haichomozi. Na mtu wa Sydney hukuta M51 imekwaruza upeo wa macho tu. James Dunlop aliigundua Centaurus A mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia, na Lord Rosse akaliona umbo la konokono la M51 mwaka 1845 kwa kioo chake kikubwa cha mita 1.8 huko Birr, Ireland, na kila mmoja alikuwa na nusu tu ya anga. Wewe uliye nyuzi mbili na nusu kaskazini ya ikweta unageuza darubini kutoka kusini kwenda kaskazini, na umemaliza.

Ikiwa kuamka alfajiri na wanafunzi ni tabu, na naelewa kwamba mwalimu wa zamu ana mengi, hali hiyo hiyo hurudi saa mbili na nusu usiku katikati ya Juni. Jua kwetu huzama haraka na kwa kusimama wima, hivyo giza kamili huingia dakika 75 hivi baada ya machweo, na kufikia saa mbili na robo usiku anga imekuwa nyeusi mwaka mzima. Juni ni wakati wa mvua kwenu, najua, lakini usiusikitikie: usiku unaofunguka baada ya mvua ya jioni huwa umeoshwa moshi na vumbi, na mimi binafsi naupenda kuliko usiku mkavu wa Januari ambao nyota zake za chini zinaonekana nyekundu kama makaa.

Sasa M33. Kosa hapa si la saa peke yake, ni la kuiamini nambari. Orodha inasema M33 ina magnitudi, yaani kipimo cha mwangaza, ya 5.7, nawe ukafikiri kwamba kitu cha 5.7 kitakuwa rahisi kuliko M51 yenye 8.4, maana kadiri nambari inavyopungua ndivyo mwangaza unavyozidi. Lakini nambari hiyo ni jumla ya nuru yote ya galaksi kana kwamba imekusanywa katika nukta moja. Chukua unga wa kiganja kimoja, uuache umerundikana katikati ya ungo, kila mtu atauona. Utandaze ungo mzima, na anayepita ataapa kwamba ungo ni mtupu. M33 imeenea upana wa nyuzi moja hivi, mara mbili ya upana wa mwezi mpevu, na lenzi yako ya milimita 25 ina uwanja wa nyuzi moja tu. Maana yake ni kwamba huenda mlikuwa mkiitazama galaksi ndani kabisa, nayo imejaza uwanja wote, bila ukingo wa giza wa kulinganisha. Jicho haliujui mwanga hafifu. Linajua tofauti kati ya mwanga na giza lililo kando yake. Ndiyo sababu M33 huwa rahisi zaidi katika darubini ya mikono miwili kuliko katika darubini kubwa, jambo linalowaudhi wengi.

Zaidi ya hayo, saa mbili na nusu ya Februari M33 ilikuwa imeteremka chini ya nyuzi 30 upande wa kaskazini magharibi, na upande wa magharibi katika miezi hiyo kuna mwanga ambao watu wengi wa Kampala hawajawahi kuuona na wakiuona kwa mara ya kwanza hudhani ni taa za mji wa mbali. Huo ni mwanga wa zodiaki, nuru ya jua inayoakisiwa na vumbi lililotawanyika kati ya sayari. Karibu na ikweta husimama wima baada ya machweo kama nguzo pana ya ukungu. Ukiuona, furahi, kwa kuwa ni cheti cha giza la mahali pako. Ila usitafute galaksi hafifu karibu nao. M33 irudie Novemba au Desemba, ikiwa juu.

Nije kwenye jicho, ambako ndiko kazi kubwa iliko. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili zinazopokea nuru. Seli za koni, zilizojazana katikati, ndizo unazosomea maandishi haya. Zinaona rangi na ncha kali, lakini katika giza ni vipofu. Seli za fimbo zimeenea pembeni; haziijui rangi, ndiyo maana galaksi itakuwa ya kijivu katika darubini yoyote ile utakayoweza kuibeba, ila zinahisi nuru kidogo sana. Hata hivyo zinahitaji muda. Mboni hupanuka mara moja, na hapo watu hudhani wamekwisha kuzoea giza, kumbe kemikali ya ndani ya seli za fimbo inajijenga polepole kwa nusu saa na zaidi, na tochi moja ya simu huivunja kwa sekunde. Mwanafunzi aliyekuwa akipokea ujumbe huku akingoja zamu yake ndiye, bila shaka, aliyesema hakuona kitu. Jua kali la mchana pia huchelewesha uwezo huo, kwa hiyo siku ya kutazama wavae kofia. Na kwa kuwa nitaulizwa: viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni vizuri kwa sababu upungufu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, lakini kwa mtu anayekula vya kutosha sahani ya ziada haiongezi magnitudi. Waragi, ile pombe kali yetu, ndiyo kabisa, inapunguza.

Kutokana na mpangilio huo wa seli inafuata kanuni ambayo mgeni huiona ni ya ajabu: ukitaka kuiona galaksi, usiitazame. Iache pale ilipo kwenye uwanja wa lenzi, kisha peleka mtazamo kando, kiasi cha nyuzi kumi hadi kumi na tano, huku akili yako ikibaki kwenye galaksi. Kitu kilichokuwa kimetoweka kitajitokeza kama mtu anayechungulia mlangoni, na ukimgeukia anajificha tena. Mwelekeo wa kando nao una maana. Kila jicho lina doa pofu, pale mshipa wa fahamu unapotokea, na doa hilo hufunika upande wa sikio wa kile unachokiona. Kwa hiyo anayetumia jicho la kulia atazame kulia kwa galaksi, ili galaksi iangukie upande wa pua. Anayetumia la kushoto atazame kushoto. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye darubini ghali kuliko yangu, akihangaika mwezi mzima kwa sababu tu alikuwa akitazama upande usiofaa na kuitupa kila galaksi katika doa pofu.

Kuna hila nyingine mbili. Gonga bomba la darubini polepole kwa kidole: picha ikitikisika, jicho ambalo lilikuwa halioni doa lililotulia litaliona linapocheza, kwa sababu pembeni mwa jicho pameumbwa kuhisi mwendo. Na funika kichwa chako pamoja na lenzi kwa shuka nzito nyeusi. Hata mahali penye giza nene, mwanga wa nyota wenyewe unaopita kando ya jicho unatosha kuharibu kazi. Ndani ya shuka pumua kama kawaida, maana wengi hushika pumzi bila kujua na jicho lililokosa hewa huona vibaya. Pumzi itatia ukungu kwenye lenzi, naam. Elekeza pua chini.

Nitakueleza usiku mmoja ili uone ninamaanisha nini. Nilikuwa kaskazini mwa Karamoja, nimeelekeza darubini ya kipenyo kama cha kwenu kwenye Centaurus A, na ubao wa kuchorea magotini. Njia ya kuifikia ni nyepesi: tafuta kwa macho matupu Omega Centauri, ambayo inaonekana kama nyota yenye ukungu, kisha panda kaskazini nyuzi nne na nusu. Dakika ya kwanza niliona mduara wa kijivu, kama pumzi iliyotua kwenye kioo cha dirisha. Nikachora mduara. Dakika ya kumi nikaona kwamba katikati yake, mahali ambapo galaksi nyingi huwa na kiini cha kung'aa, hapa hapang'ai. Sikujua kwa nini, nikaandika tu "kiini hakipo". Kwenye dakika ya ishirini hivi niligonga bomba, na mduara ukapasuka. Vilikuwa vipande viwili vya nuru, na kati yake mkanda mweusi. Si mstari mwembamba wa kalamu, bali pengo lenye upana, ambalo kingo zake sikuweza kuzikazia macho. Nilipotazama moja kwa moja ukawa mduara tena. Nilipohamisha mtazamo, mkanda ukarudi. Hadi dakika ya arubaini nilikuwa nimeridhika kwamba kipande kimoja ni king'avu kuliko kingine, na kwamba nyota hafifu zilizotawanyika mbele yake ni za galaksi yetu wenyewe. Mkanda ule ni vumbi, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba galaksi hiyo kubwa ilimeza galaksi nyingine ndogo yenye vumbi lake. John Herschel, aliyekuwa akichunguza anga ya kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema kati ya mwaka 1834 na 1838, aliuona mkanda huo na kuieleza galaksi kuwa imegawanyika. Nuru niliyoipokea ilikuwa imesafiri miaka milioni 12 hivi. Vipande viwili na pengo: kwa dakika arubaini hayo ndiyo mavuno, na sikujuta.

Ningemtazamisha mgeni kwa sekunde thelathini usiku ule, angeona mduara na kuniambia ahsante kwa adabu.

Kuhusu lenzi zako mbili, zote ni za kazi. Ile ya milimita 25 inakuza mara 48, na mwali wa nuru unaotoka ndani yake kuingia jichoni una upana wa milimita 4.2; hiyo ni ya kutafutia, na ya vitu vipana. Ile ya milimita 10 inakuza mara 120, mwali wake ni milimita 1.7. Wengi huiogopa kwa sababu picha inakuwa hafifu zaidi, na ni kweli, lakini anga nyuma yake nayo inafifia kwa kadiri ile ile, kwa hiyo tofauti kati ya galaksi na anga haipungui, huku galaksi ikiwa imekuwa kubwa zaidi. Na seli za fimbo huona kitu kikubwa kilicho hafifu kwa urahisi kuliko kidogo. Darubini, kinyume na wanavyodhani watu, haiwezi kuufanya uso wa galaksi ung'ae zaidi kuliko unavyong'aa kwa macho matupu. Inaukuza tu. Kwa M51 anza na mara 48: ipo nyuzi tatu na nusu hivi kusini magharibi mwa Alkaid, nyota ya mwisho katika mkia wa Dubu Mkubwa. Ukiona madoa mawili yaliyokaribiana, moja kubwa na moja dogo, umeiona M51 na mwenzake NGC 5195. Badilisha, weka mara 120, jifunike shuka, ukae robo saa. Katika kipenyo chako mikono ya konokono hujitokeza kama kudokeza tu, sehemu ya duara inayokuja na kwenda, na ni usiku mzuri sana peke yake unaoitoa. Ukimwambia mwanafunzi mapema kwamba ipo, ataiona hata isipokuwepo. Kwa hiyo usimwambie.

Nyingine nitakutajia kwa haraka, kwa mpangilio wa urahisi na si wa msimu. NGC 253, iliyogunduliwa na Caroline Herschel mwaka 1783, iko nyuzi saba na nusu kusini mwa nyota Beta Ceti, nayo mwanzoni mwa Desemba mapema usiku hufika zaidi ya nyuzi 60 juu. Ni ndefu, imelala kama mtumbwi, na uso wake una mabakamabaka ukiutulia. Ningekuwa na galaksi moja tu ya kuwaonyesha wanafunzi wa Karamoja wakati wa ukame, ni hii. M104 ipo nyuzi 11 magharibi mwa nyota Spica, ndogo lakini imekusanyika, hivyo haisumbui. M31 ya Andromeda itakuwa kubwa kuliko uwanja wa lenzi yako, na utakachokiona ni kiini chake. M81 na M82 hazipandi zaidi ya nyuzi 24 kaskazini, zitafute Machi saa nne usiku, na utashangaa jinsi M82, iliyo nyembamba kama sigara, inavyostahimili kuwa chini. Wingu Kubwa la Magellan ni galaksi isiyohitaji darubini: Januari mapema usiku, tazama kusini, chini ya nyota Suheli (Canopus), nyuzi kama 18 tu kutoka ardhini. Likionekana kwa macho, anga yako ya kusini ni safi. Lisipoonekana, usihangaike na kitu kingine upande huo usiku ule.

Kuna shamba moja la galaksi ambalo litakuchezea shere. Kundi la galaksi la Virgo, katika kundinyota la Mashuke, lina galaksi zaidi ya elfu moja, na kwetu linapita nyuzi kumi tu kutoka utosini. Hapo ndipo nuru inapopita hewa chache kabisa, na hapo hapo ndipo darubini ya Dobson inapogoma, kwa kuwa ikielekea juu moja kwa moja, kuizungusha kulia au kushoto hakuisogezi popote; bomba linajizungusha mahali pamoja. Msilazimishe, mtaichomoa kwenye kitako. Ngojeni saa moja na nusu hadi kundi liegemee magharibi, kisha anzieni M84 na M86, ambazo huonekana pamoja katika uwanja mmoja wa mara 48, na kutoka hapo fuateni mnyororo wa galaksi unaopinda kuelekea mashariki, mkihesabu.

Sasa maswali yako ya fedha. Kichujio usinunue. Vichujio vinavyouzwa kwa ajili ya nebula hupitisha rangi chache mahsusi zinazotolewa na gesi ya oksijeni na haidrojeni, na kuzuia nyinginezo. Nuru ya galaksi ni nuru ya nyota, rangi zote zikiwa zimechanganyika, kwa hiyo kichujio kitaizima pamoja na anga. Kitakachofaidika ni mawingu ya gesi yaliyomo ndani ya galaksi, kama NGC 604 ndani ya M33, na hayo ni ya baadaye. Kuhusu darubini kubwa zaidi, kioo cha milimita 300 kinakusanya nuru mara mbili na robo ya chenu, na hilo si dogo. Lakini mtu mwenye kioo cha milimita 300 Kampala, chini ya taa za mji, angebadilishana nawe bila kufikiri mara mbili. Fedha zikipatikana, nunueni viti, mashuka, na taa nyekundu hafifu za kusomea ramani, kwa kuwa mwanga mwekundu hausumbui sana seli za fimbo. Kiti hasa. Mtu aliyeinama hawezi kuona kile ambacho aliyeketi anakiona.

Mahali mlipokwenda panafaa, ila ninashauri muhamie magharibi mwa mji, mbali na mlima. Kabla ya kwenda mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa eneo hilo, na kama kuna kambi ya askari karibu, nako pia, mchana, mkiwa na darubini yenyewe mkononi. Bomba jeusi lililoelekezwa angani usiku, likizungukwa na vivuli vya watu waliojifunika shuka, linafanana mno na kitu kingine, na sitaki ujue hilo kama nilivyolijua mimi. Mkilala kwenye nyumba ya wageni, zungumzeni na mlinzi mwenyewe, si meneja pekee. Mahali pamoja niliahidiwa kwamba taa za uwanja zitazimwa, zikazimwa kweli, na saa tisa usiku mlinzi wa zamu mpya, kwa wema wake, aliponiona nikihangaika gizani akaniwashia zote.

Vumbi la Karamoja litaingia kwenye kioo. Liache. Vumbi la kawaida hupunguza nuru kidogo sana, lakini leso iliyopitishwa juu yake hugeuka msasa. Kioo changu cha kwanza kina mikwaruzo ya nusu mwezi niliyoitia kwa shati langu mwenyewe, nikidhani nakisafisha. Kikizidi, kitolewe, kioshwe kwa maji mengi ya kumiminika, na matone ya mwisho yawe ya maji yaliyotoneshwa kama yale ya kuongezea betri, si tindikali yake, bila kusugua. Baada ya kila usiku acheni bomba wazi ndani ya chumba kikavu mpaka umande ukauke ndipo mfunike, la sivyo kuvu itaota juu ya vioo.

Na wanafunzi, mwalimu, wape kila mmoja karatasi yenye duara, penseli na dakika kumi kwenye lenzi, wachore kabla ya kuonyeshwa picha yoyote, waandike saa na lenzi waliyotumia. Wengi wao wana mboni zinazopanuka hadi milimita saba, zangu sasa ni tano kwa shida, kwa hiyo usishangae wakichora vitu ambavyo wewe huvioni. Karatasi ya yule atakayeacha duara tupu iwekwe pamoja na nyingine. Umrudishe kwenye M51 ile ile, saa kumi na nusu alfajiri, kisha uzilaze karatasi zake mbili mezani sambamba.